Jinsi ya kutunga na kuchagua jina la kanga: mapenzi, ndoa na uhuru wa mtu katika mstari mmoja

Jina la kanga ni mstari mmoja tu wa maneno, lakini husema mambo ambayo watu hawathubutu kuyasema kwenye kikao cha ndoa mbele ya wazee. Mke anayesengenywa na mawifi, mume anayerudi saa nane za usiku, jirani anayehesabu wageni wa mwenzake, mchumba aliyeahidi kisha akatoweka: kila mmoja ana jina lake dukani. Majina yaliyo bora hayayapambi mapenzi. Yanajua kwamba moyo hubadilika, kwamba mahari hainunui utii, na kwamba anayewasimamia wenzake maadili mara nyingi hasimamii yake. Ndiyo maana yanapendwa.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kutunga jina jipya la kuchapishwa, na pia kwa anayetaka kuchagua lililokwisha kuchapishwa bila kujitia matatani. Kutunga kumepewa nafasi kubwa zaidi, kwa sababu anayejua jina linavyotungwa hapati shida kulichagua.

Ijue nguo kwanza

Kanga ina sehemu tatu. Pindo ni ukanda unaozunguka pande zote nne. Mji ni uwanja wa katikati. Jina hukaa ndani ya mji, upande wa chini, juu kidogo ya pindo refu, na mara nyingi huwekwa ndani ya kisanduku. Kipande kimoja kina upana wa sentimita 150 hivi na kimo cha sentimita 110 hivi. Vipande huuzwa viwili viwili vikiwa havijakatwa, ndiyo doti. Kwa hiyo mvaaji mmoja hubeba jina lile lile mara mbili, moja kiunoni na jingine kichwani au mabegani. Kisutu cha harusi, kile chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, kwa asili hakina jina. Usitafute ujumbe hapo.

Majina yalianza kuchapwa kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Mombasa, katika mtaa wa Biashara, duka la Kaderdina Hajee Essak lilipata sifa kwa kazi hiyo, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" bado inatafutwa na wanaojua kanga. Kabla ya hapo kanga ilikuwa tayari imebeba ujumbe hata pasipo maandishi. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakivaa kaniki na merikani, nguo za watumwa, waliziacha wakavaa kanga, na kila mtu alielewa wanasema nini. Anayetunga jina kuhusu uhuru wa mtu anaandika juu ya nguo ambayo ilivaliwa kwa ajili ya uhuru, kwa hiyo asiandike ovyo.

Anza na tendo

Makosa mengi hutokea hapa mwanzoni. Mtu ana hasira, anaandika tabia: "jirani mwongo", "mume msaliti", "wifi mbaya". Tabia ni hukumu, na hukumu huzaa kesi. Andika tendo dogo linaloonekana kwa macho. Jirani mwongo anafanya nini hasa? Anachungulia. Anapita mara tatu akiuliza chumvi. Mume mwenye kiburi anafanya nini? Kila ugomvi anakumbusha alicholipa siku ya posa. Ukipata tendo, nusu ya jina imepatikana.

Chukua mfano wa anayeingilia ndoa ya mwenzake. Rasimu ya kwanza huwa hivi: "Mambo ya nyumbani kwangu na mume wangu hayakuhusu wewe jirani." Ni kweli tupu, lakini ni ndefu mno, hakuna kinachoonekana, na imemtaja jirani. Mtaani kila mtu ataangalia mlango wa pili na kesi itaanza jioni hiyo hiyo.

Rasimu ya pili: "Ndoa yangu si ya mtaa." Ni fupi na inakumbukika. Hata hivyo ni tangazo tu. Msikilizaji hana cha kufumbua, na jina lisilo na cha kufumbua huchosha likivaliwa mara mbili.

Rasimu ya tatu: "Nimefunga mlango wangu, dirishani wataka nini." Sasa tumepata picha. Mlango umekuwa ndoa, na dirisha limekuwa masikio ya watu wa nje. Mizani, yaani hesabu ya silabi, ni tisa kwa tisa, inasomeka vizuri, lakini mwisho wa kipande cha kwanza ni "ngu" na wa pili ni "ni", kwa hiyo sikio halishiki.

Rasimu ya nne: "Mlango nimeufunga, dirishani unatanga." Hesabu: m-la-ngo ni-me-u-fu-nga, nane. Di-ri-sha-ni u-na-ta-nga, nane. Kina, yaani silabi ya mwisho, ni "nga" pande zote mbili. Mtu akilisikia mara moja analikariri. Tena limepata wenyewe wengi: mke anayesengenywa anaweza kulivaa, mtalaka anayefuatwa na mume wa zamani analiweza, na binti aliyekataa posa lakini mkataliwa haachi kupita barazani naye linamfaa. Jina likiwa na mwenyewe mmoja tu, muuzaji atabaki nalo dukani, na huyo mwenyewe naye ataonekana waziwazi.

Mizani na vina

Mizani nane kwa nane ni kipimo cha shairi la kawaida, na ndicho kinachokaa vizuri mdomoni. Tazama jina la zamani linalojulikana na wengi: "Mapenzi ni kikohozi hayawezi kufichika." Lina nane na nane kamili, na "zi" ya kikohozi inaitikiwa na "zi" ya hayawezi hapo hapo katikati, kabla kipande cha pili hakijaisha. Ndiyo sababu limedumu. Na maneno yenyewe ni ya mtu aliyeyaona mapenzi kwa karibu: kawaida ni kuyaita ua au asali, hapa yameitwa ugonjwa, tena ugonjwa unaokuumbua mbele ya wageni.

Lakini usiwe mtumwa wa nane. "Naogopa simba na meno yake siogopi mtu kwa maneno yake" lina mizani 11 upande mmoja na 12 upande wa pili, na bado ni miongoni mwa majina yanayopendwa kuliko yote, kwa sababu meno na maneno yanagongana na vipande viwili vimejengwa kwa umbo moja. "Hasidi hana sababu" ni kipande kimoja tu cha mizani nane. "Wema hauozi" lina sita. Kanuni ya kweli ni hii: kama jina lina vipande viwili, vilingane au vipishane kwa mizani moja. Likiwa na kipande kimoja, lisizidi nane. Likizidi hapo linakuwa taarifa.

Nafsi: nani anasemwa

Hapa ndipo jina hupona au huharibika. Nguvu ya jina la kanga ni kwamba mvaaji anaweza kusema, bila kusema uongo, "Nimependa rangi." Hakumtaja mtu. Aliyejihisi amejitaja mwenyewe. Ukimnyima mvaaji mlango huo wa kutokea, umempa silaha itakayomkata mkono.

Kwa hiyo pima viambishi vyako. "U-", kama katika "unatanga", hunyoosha kidole, na kinavumilika pale tu picha inapokuwa ya mbali kama mlango na dirisha. "M-" ya wengi, kama "mnasema" au "mtachoka", hulenga kundi, na kundi lolote linalokaa pamoja barazani litajitwika. "Hu-" ya mazoea na umbo la "mpenda", "mtenda", "mwenye" ndiyo salama zaidi, kwa sababu husema juu ya watu wa aina fulani. Mfano: "Mpenda kwa macho yake, kwa macho huenda zake." Nane kwa nane, kina "ke". Halijamwambia mtu "wewe ulinipendea sura", lakini aliyefanya hivyo atalisoma akiwa mbali.

Linganisha na hili la maadili: "Mchana wafunza dini, usiku u vilabuni." Mizani imetimia, kina kimetimia, na bado halifai. Kwanza, "wafunza" limetaja kazi, na mtaa mmoja una walimu wa dini wachache, kwa hiyo mmoja wao ameshatuhumiwa hata kama hana kosa. Huo ni uonevu, na mtunzi anabeba dhima yake. Pili, kwenye kanga hakuna mkato wala nafasi ya kutosha, na ile "u" iliyosimama peke yake itapotea baina ya maneno mawili. Lirekebishe hivi: "Mchana mtu wa dini, usiku yu vilabuni." Kazi imeondoka, mtu yeyote mwenye sura mbili ameingia, na "yu" inaonekana. Mizani imebaki nane kwa nane.

Ndoa na mahari

Majina ya ndoa ndiyo yanayouzika zaidi na ndiyo yanayokosewa zaidi. Watunzi wengi hukimbilia kusifia subira ya mke, jambo ambalo limeshasemwa hadi likachakaa, na mara nyingi humwambia anayeumia aendelee kuumia. Jina zuri la ndoa hutaja bei inayolipwa, na nani anailipa.

Lile tendo la mume anayekumbusha mahari kila siku linaweza kuzaa hili: "Mahari uliitoa, moyo hukuununua." Nane kwa nane. Kina chake ni "a" tu, ambacho ni chepesi, lakini zile "u" zinazofuatana katika kipande cha pili zinafanya kazi ya kina. Jina hili linakubali kilichotolewa. Halimtukani mume wala wazazi waliopokea. Linaweka mpaka tu, kwamba kilichotolewa kilikuwa haki ya ndoa na hakikununua utu wa mtu. Mke anaweza kulivaa bila kuonekana amekosa adabu, kwa sababu hakuna neno hata moja la kukanushwa.

Kuhusu ukewenza, nenda polepole. Majina ya kumpiga kijembe mke mwenza hupendwa sokoni, lakini anayeumia mara nyingi ni mwanamke mwingine ambaye naye hakushauriwa. Ukitunga, mlenge aliyewaweka wawili hao katika hali hiyo.

Kuhusu talaka, epuka furaha ya kupita kiasi. Mtalaka akivaa jina la kusherehekea ndani ya miezi ile ya eda, watu hawatasoma jina, watamsoma yeye. Jina la talaka lililo bora husema juu ya njia iliyo mbele.

Mambo yasiyofaa kuandikwa

Aya za Kurani na maandishi matakatifu yasiwekwe. Kanga hufungwa kiunoni, hukaliwa, hutandikwa chini, hubebea mtoto. Kumtaja Mungu kwa Kiswahili kumezoeleka, kama "Sisi sote abiria dereva ni Mungu", na hakuna anayelalamika sana, lakini ukiwa na shaka badilisha.

Usiandike laana. Mwenye kuvaa laana huogopwa, na hiyo si heshima.

Usiandike tusi la mwili au jambo la kitandani kwa uwazi. Kanga husomwa na mtoto anayejifunza herufi na bibi yake aliyeketi kando. Fumbo la kitandani linaruhusiwa mradi mtoto alisome apite na bibi alisome acheke.

Maneno ya mtaani ya msimu huu yakae nje. Doti nzuri huvaliwa miaka mingi, na neno lililokuwa moto leo litakuwa halieleweki kabla rangi haijapauka. Vivyo hivyo usinakili methali nzima kama ilivyo ukadhani umetunga. Methali ni mali ya wote na inaweza kuchapishwa, lakini sema ni methali.

Jaribio la masikio matatu

Kabla ya kulipeleka popote, lisome kwa sauti kwa watu watatu wasiojua kisa chako: mtu mzima aliyezoea kanga, kijana, na mtu wa sehemu nyingine, yaani kama wewe ni wa pwani mtafute wa bara, na kinyume chake. Usieleze kitu. Uliza swali moja tu: "Linamsema nani?"

Wote watatu wakimtaja mtu mmoja, limebana mno, litaleta ugomvi. Wasipomwona mtu yeyote, limelegea, halina meno. Kila mmoja akimtaja mtu wake mwenyewe, tena kwa kutabasamu, limepatikana. Wakiuliza "maana yake nini?" fumbo limefunga sana, au umetumia neno la upande mmoja. "Watakani", yaani wataka nini, linaeleweka Lamu na Unguja kuliko Tabora. "Mavyaa" linapita pwani, lakini bara watakuelewa haraka ukisema mama mkwe. Amua unamwandikia nani kabla hujachagua neno.

Kupima nafasi ya herufi

Jina huchapwa kwa herufi kubwa, bila mkato wala nukta. Hesabu yake ni rahisi. Katika upana wa sentimita 150, pindo la kushoto na la kulia huchukua, tuseme, sentimita 15 kila moja. Unabaki na mji wa sentimita 120. Acha 15 za hewa kila upande, na jina lina sentimita 90. Sasa hesabu herufi na nafasi zote, ugawe.

MLANGO NIMEUFUNGA DIRISHANI UNATANGA: herufi 33 na nafasi tatu, jumla 36. Gawa 90 kwa 36, kila herufi inapata sentimita mbili na nusu. Inasomeka kutoka upande wa pili wa barabara.

MAHARI ULIITOA MOYO HUKUUNUNUA: herufi 27 na nafasi tatu, jumla 30. Kila herufi inapata sentimita tatu. Nzuri zaidi.

Lile la simba lina herufi 45 na nafasi tisa, jumla 54, na kila herufi inapata chini kidogo ya sentimita 1.7. Limefika ukingoni. Zaidi ya hapo herufi hubanwa, na wino ukitawanyika kidogo A na R hujaa katikati, jina linageuka mstari mweusi. Kwa hiyo weka 40 kama kikomo chako cha kawaida, na 54 kwa jina ambalo huwezi kabisa kulipunguza.

Kwa kuwa hakuna mkato, soma jina lako likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa mfululizo uone kama linaweza kukatwa pabaya. Msomaji anayepita hana muda wa kutafuta mahali pa kupumua. Ikibidi, ongeza nafasi mara mbili kati ya vipande viwili, au weka nyota ndogo katikati, na uihesabu kama herufi.

Picha ya mji

Usichore kilichotajwa. Jina la mlango likizungukwa na picha za milango linakuwa limejieleza lenyewe, na yule mvaaji hawezi tena kusema alipenda rangi. Weka korosho, maua, nyota au miraba, vitu visivyosema upande wowote. Rangi nazo zina kazi: jina kali juu ya rangi tulivu hupita kwa heshima, lakini jina kali juu ya nyekundu na nyeusi huonekana limekuja kupigana.

Kiwandani na kwa fundi

Kanga nyingi huchapwa Tanzania, Kenya, India na China. Popote utakapopeleka, anayepanga herufi huenda hajui Kiswahili, na asiyejua lugha hawezi kuona kosa. Andika jina kwa herufi kubwa, na pembeni ya kila neno andika idadi ya herufi zake: HUKUUNUNUA (10), ULIITOA (7). Vokali zinazorudiwa ndizo hudondoka kwanza. HUKUUNUNUA ikipoteza U moja inakuwa HUKUNUNUA, neno halali kabisa ambalo hakuna atakayelishtukia, ila mizani imevunjika na "moyo" umebaki ukielea. Dai sampuli ya karatasi kabla skrini, yaani wavu wa kuchapia, haijatengenezwa, kisha isome kutoka mwisho kuja mwanzo, herufi moja moja. Macho yanayosoma kwa kawaida hujaza kisichokuwepo.

Kwenye sampuli hiyo angalia pia kwamba vipande vyote viwili vya doti vina jina, kwamba maandishi yamekaa katikati ya kila kipande, na kwamba hayajasogea hadi kugusa pindo. Likigusa pindo litaliwa pale mtu atakapokunja upindo.

Kama unahitaji doti chache tu za sare ya shughuli, kiwanda hakitakuhudumia. Tafuta fundi wa kuchapa kwa skrini ya mkono, umpe kitambaa cha pamba kisicho na jina. Kifue kwanza kutoa wanga, la sivyo rangi itakaa juu ya wanga na kutoka nao siku ya kwanza ya kufuliwa. Rangi ikikauka, ikazwe kwa pasi ya moto kadiri ya maelezo yake.

Kuchagua dukani

Ukiwa Kariakoo, Darajani au mtaa wa Biashara, muuzaji atakutandazia rangi kwanza. Mwombe afungue hadi jina lionekane, na usome vipande vyote viwili. Kisha jiulize nani atakuona nalo, na wapi.

Zawadi ya mama mkwe iwe na jina la shukrani au la wazazi. Jina lolote lenye "maneno", "jirani", "hasidi" au "wivu" litafasiriwa, hata kama ulichagua usiku kwenye mwanga hafifu. Kwa bibi harusi, epuka kila jina linalotaja kuachwa, hata kama ni la busara. Siku hiyo busara haitakiwi. Kwa mfiwa, jina la subira au la Mungu, na rangi isiyopiga kelele. Kwa wifi, kama mnaelewana, jina la mapenzi ya ndugu. Kama hamuelewani, mpe kisutu.

Mume anayempelekea mke kanga asome zaidi ya wote. Doti yenye "Hasidi hana sababu" ikitoka mkononi mwa mume itaulizwa hasidi ni nani. "Japo sipati tamaa sikati" ni nzuri kwa mchumba, lakini kwa mke wa miaka kumi inaleta swali la nani ambaye bado hajapatikana.

Likivaliwa, likijibiwa

Kanga ikifungwa kiunoni kwa urefu wake, jina hushuka chini ya magoti nyuma, na husomwa mvaaji anapoondoka. Ikifungwa kifuani, hupanda. Ikikunjwa kibwebwe, jina huweza kufichwa kabisa ndani au kuachwa nje, kwa hiari ya mvaaji. Anayetaka lisomwe na mtu mmoja ampite taratibu, asigeuke kumtazama. Kugeuka ni kukiri.

Na kama wewe ndiye uliyepitiwa? Usijibu siku hiyo hiyo, maana kubadilisha nguo saa hiyo kunakiri kwamba limekupata. Sifu rangi yake mbele za watu. Kama jambo ni zito na linahusu heshima yako, subiri shughuli ijayo, uvae jina lenye upole kuliko lake. Ukali juu ya ukali husikika kama ugomvi wa kawaida. Na kama lililosemwa ni kweli, rekebisha tendo lenyewe. Hakuna doti itakayolifunika.

Kukata doti

Kata kwenye mstari ulio katikati ya mapindo mawili yanayotazamana, si pembeni ya moja wapo, vinginevyo kipande kimoja kitabaki bila ukingo. Loweka kwanza kwenye maji baridi yenye chumvi, kila rangi peke yake, kwa sababu nyekundu na nyeusi za kanga mpya hutoa rangi. Kitambaa kikishapungua na kukauka, kunja upindo wa sentimita moja na ushone. Ukishona kabla ya kuloweka, nyuzi zitabaki na urefu wake na kitambaa kitajikunja, na mstari wa jina utapinda.